Sifuri nayo huandikwa

Ukiacha kuku wa mama, ndege wa kwanza niliyemshika kwa mikono yangu alikuwa pengwini. Alikuwa mweusi mwili mzima, hata kifua kinachopaswa kuwa cheupe, na alinuka kama gereji. Ilikuwa mwisho wa Juni 2000, ndani ya ghala moja mtaa wa Salt River, Cape Town. Mimi mtoto wa Tanga, niliyekulia hatua chache kutoka ufukweni, nilikuwa sijawahi hata kujiuliza ndege wa baharini hulala wapi.

Vijana ninaohesabu nao ndege siku hizi wameniomba mara nyingi niwaandikie habari za kipindi kile. Nimekuwa nikiwapiga chenga. Sasa naandika, maana kila ninaposimulia kwa mdomo watu hubaki na sehemu ya kuogesha pengwini, na ile ya kuhesabu inawatoka. Kwangu mimi ya kuhesabu ndiyo yenyewe.

Cape Town nilikwenda kusoma. Nilipanga chumba mtaa wa Observatory kwa mama mmoja mzee aliyekuwa mkutubi kabla ya kustaafu. Nilimwita Bibi, kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri ule kwa jina lake kavu. Mwanzoni alishangaa, baada ya mwezi akawa anaitika kabla sijamaliza kutamka. Kila Jumamosi alfajiri Bibi alitoka na darubini shingoni na chupa ya chai kwapani, akarudi mchana viatu vimejaa tope na uso umechangamka. Siku moja akaniambia twende wote. Nilikwenda kwa adabu tu.

Chama chao kilikuwa na watu wa kawaida: wastaafu, muuguzi mmoja, fundi umeme kutoka Athlone, mtu na mkewe waliokuwa na duka la vitabu. Karibu wote walikuwa wazungu na karibu wote walikuwa wazee. Ilikuwa 1999, miaka mitano tu tangu uchaguzi uliomweka Mandela madarakani, na sitasema nilipokelewa kwa vigelegele. Wapo walionipa chai kwa moyo mweupe. Yupo aliyeniuliza nafanya kazi nyumbani kwa nani. Nilinyamaza. Fundi umeme wa Athlone akanivuta kando, akaniwekea darubini yake machoni na kunielekeza kwenye matete, na siku hiyo nikamwona mdiria akining'inia juu ya maji kama kipande cha anga kilichokatwa kwa mkasi. Nikarudi Jumamosi iliyofuata kwa ajili ya yule mdiria.

Kiongozi wetu wa safari alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu, nami nilimwita Mwalimu. Tulizoea kwenda Strandfontein, kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka ya jiji. Ukisikia majitaka utakunja pua, lakini mahali pale pana mwari, heroe, mabata ya kila namna, na vindege vidogo vya matopeni visivyo na idadi. Nasema visivyo na idadi kwa mazoea ya lugha. Mwalimu hakuruhusu usemi huo. Ukimwambia "wako wengi sana", alikuuliza, "Wengi ni wangapi?"

Alinifundisha hivi. Hesabu kumi, mmoja mmoja, bila haraka. Watazame hao kumi wanachukua nafasi gani. Sasa yapitie macho kundi zima ukikata kumi kumi, kama mtu anayepima kitambaa kwa dhiraa. Ukizoea kumi, nenda mia. Kisha rudi ulikoanzia, uhesabu upya kutoka upande wa pili, na tofauti ikiwa kubwa, anza tena. Nilihesabu heroe wa bwawa moja mara nne asubuhi moja, vidole vimekufa ganzi, na mara ya nne ndipo aliponiruhusu kuandika. Tulipofika bwawa la mwisho hapakuwa na ndege hata mmoja. Nikafunga daftari. Akaniambia nilifungue.

"Andika sifuri," alisema. "Usipoandika, atakayesoma baadaye hatajua kama hakukuwa na ndege au hukufika."

Mara mbili kwa mwaka, katikati ya kiangazi na katikati ya baridi, vyama kama chetu nchi nzima vilihesabu ndege wa maji, na karatasi zote zilipelekwa Chuo Kikuu cha Cape Town, kwenye kitengo kilichoanzisha hesabu hizo mwaka 1992. Kazi yenyewe ilikuwa kavu. Hakuna ndege wa ajabu unayemtafuta. Unahesabu wale wale, mahali pale pale, uandike, unywe chai, urudi nyumbani. Wanachama vijana, wachache tuliokuwa nao, walikimbilia safari za kutafuta ndege adimu na kuwaachia wazee hesabu. Nami nilibaki kwenye hesabu kwa sababu moja. Kwenye hori la Langebaan, Januari 2000, Mwalimu alinionyesha kundi la vitwitwi wenye midomo iliyopinda kidogo na kunieleza kwamba huzaliwa Siberia, huja kusini kila mwaka, na wengine wa jamii hiyo hushukia pwani ya Afrika Mashariki. Nikakumbuka vile vindege vya kijivu vya Sahare vilivyokimbizana na wimbi utotoni mwetu, ambavyo hatukuwa na habari navyo kabisa. Nilikwenda bara zima hadi kusini mwa dunia ndipo nikaambiwa habari za ufukwe wa nyumbani kwetu.

Ijumaa ya tarehe 23 Juni 2000 redio ilitangaza kwamba meli imezama. Iliitwa Treasure, ilikuwa na bendera ya Panama, imebeba mawe ya chuma kutoka Brazil kwenda China, na ilikuwa imetoboka. Ilizama kati ya kisiwa cha Robben na kisiwa cha Dassen, ikiwa na zaidi ya tani 1,300 za mafuta mazito ya kuendeshea mitambo. Kisiwa cha Robben dunia nzima inakijua kwa gereza. Waliokijua kwa pengwini walikuwa wachache. Pengwini walikwishatoweka pale, wakarudi wenyewe mwaka 1983, wakazaana hadi maelfu. Kisiwa cha Dassen kilikuwa na wengi kuliko hao. Mafuta yalikuwa yakienda kote kuwili, na ulikuwa msimu wa kuatamia.

Simu ya Bibi ililia usiku ule mpaka nikadhani kuna msiba. Kwa namna fulani ulikuwepo.

Naomba nieleze mafuta humfanya nini ndege, kwa sababu watu hudhani ni uchafu tu wa kupangusa. Manyoya ya pengwini yamepangwa kama makuti ya paa lililoezekwa na fundi: jani juu ya jani, hata tone halipenyi, na chini yake hewa ya joto. Bahari ya Cape ni baridi kweli. Huwezi kuogelea humo kama unavyoogelea kwetu Raskazone. Tone la mafuta likiingia, makuti yanashikamana na kuachana, paa linavuja, maji baridi yanagusa ngozi. Pengwini akisikia baridi hutoka majini. Akitoka majini hali. Akisimama ufukweni hujaribu kujisafisha kwa mdomo, na kila anapojisafisha anameza sumu. Kwa hiyo anakufa kwa baridi, kwa njaa na kwa sumu vyote pamoja, taratibu, amesimama.

Kituo cha kuokoa ndege wa baharini cha SANCCOB, ambacho kilikuwepo tangu 1968, kilijaa ndani ya siku chache. Ndipo likafunguliwa ghala la Salt River, lililokuwa karakana ya reli. Watu walitoka mjini kwa maelfu kuja kujitolea. Wataalamu zaidi ya mia walikuja kutoka nchi za nje. Chama chetu kilikuwa tone ndani ya bahari ile, na nisije nikamfanya mtu adhani kwamba tuliokoa sisi. Tulipewa kazi tatu: kukusanya taulo na magazeti makuukuu, kupeleka watu wa zamu kwa magari yetu, na kulisha.

Kulisha kulikuwa hivi. Unaingia ndani ya uzio wenye pengwini kama mia. Umevaa koti la mvua, suruali ya mvua, glovu nene, na mimi niliviringisha vipande vya sponji mikononi hadi kwenye viwiko, maana mdomo wa pengwini una ndoana mbele na makali pembeni. Unamshika kisogo, unambana kwa magoti bila kumlalia, unaingiza kidole pembeni mwa mdomo ufunguke, unasukuma sadini mzima, kichwa kwanza, mpaka umsikie amemeza. Kisha wa pili. Hajui kwamba unamsaidia. Kwake wewe ni mnyama mkubwa uliyemvamia, naye anapigana kufa na kupona. Siku ya kwanza nililisha thelathini na saba, nikatoka nje kutapika. Bibi, aliyekuwa na miaka sabini na kitu, alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa akipanga magazeti. Hakuniambia pole. Alinipa chai.

Kuogesha walifundishwa wachache, na mimi nikaingia kwenye wiki ya tatu. Kwanza ananyunyiziwa kimiminika cha kulainisha mafuta, anaachwa kidogo. Kisha beseni la maji ya moto na sabuni ya vyombo, watu wawili, mmoja anashika, mwingine anasugua. Kichwani na kuzunguka macho kwa mswaki laini wa meno. Maji yakiwa meusi, beseni lingine. Jingine tena. Halafu kusuuza, ambako huchukua muda mrefu kuliko kuosha, maana sabuni ikibaki kwenye manyoya inafanya kazi ile ile ya mafuta. Unajua umefika pale maji yanapoanza kumkwepa, yanageuka shanga na kuporomoka. Mara ya kwanza nilipoziona zile shanga kifuani kwa pengwini niliita watu waje watazame.

Kuna Mtanzania mmoja niliyemfahamu mjini, kijana wa Temeke, mmoja wa wale waliopanda meli kwa kujificha wakashukia Cape Town na kulala chini ya madaraja karibu na bandari. Nilimkuta kituo cha treni, nanuka samaki na dizeli, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, na sisi tungepakwa mafuta tungeogeshwa?"

Nimelibeba swali lile miaka yote hii. Sikuwa na jibu wakati ule, na kujifanya ninalo sasa ningekuwa nadanganya. Mji ulikuwa na watu waliolala mvuani mwezi ule ule tuliokuwa tukiwatengenezea ndege mabwawa ya kuogelea. Nilichoweza kumwambia ni kwamba zamu hupewa supu na mkate. Alikuja kesho yake kwa ajili ya supu. Aliponusa ndege wa kwanza akasema, "Haya mafuta nayajua," maana alikwishajificha karibu na injini za meli siku kadhaa, na harufu ile ilikuwa bado iko puani mwake. Alibaki wiki tatu. Alikuwa na mikono mitulivu kuliko sisi sote. Ndege waliokuwa wakinipiga mabawa mimi, kwake walitulia. Wiki ya pili msimamizi wa zamu akawa anamtafuta kwa jina.

Huku tukilisha, kulikuwa na kazi nyingine iliyofanyika visiwani, na ndiyo iliyonifungua macho. Waliosimamia hifadhi waliamua kuwahamisha pengwini ambao hawajapakaa mafuta kabla hawajapakaa. Waliwazungushia uzio, wakawakusanya, wakawatia kwenye maboksi yenye matundu, wakawavusha hadi bara na kuwapakia kwenye malori ya kubebea kondoo, hadi Port Elizabeth, karibu kilomita 800 kuelekea mashariki. Huko wakawaachia baharini. Hesabu yao ilikuwa hii: pengwini atataka kurudi kwao, atapiga mbizi kurudi, na mpaka afike mafuta yatakuwa yamesafishwa. Watatu walibandikwa vyombo vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wakaitwa Peter, Pamela na Percy. Jiji zima lilifuatilia safari yao magazetini kama watu wafuatiliavyo ligi. Hata kwenye treni utasikia, Peter amefika wapi? Aliyetangulia alifika kwao chini ya wiki tatu, kwa mabawa yake, na bahari ilikuwa imemngojea safi.

Karibu 19,500 walihamishwa namna hiyo. Walioopolewa wakiwa wamepakaa mafuta walikuwa kama 19,000, na zaidi ya asilimia 90 kati yao walirudishwa baharini wakiwa hai. Vifaranga walioachwa bila wazazi na kulelewa kwa mkono walizidi 3,000.

Sasa linganisha. Juni 1994, miaka sita tu kabla, meli nyingine, Apollo Sea, ilizama karibu na Dassen na mabaharia wake wote 36, Mungu awarehemu. Pengwini kama 10,000 walipakaa mafuta, na karibu nusu walikufa. Wengi hawakuuawa na mafuta yenyewe. Walikufa njiani na kwenye msongamano, wakibebwa bila hewa ya kutosha. Wale walioyaona ya 1994 hawakuyaacha yapite. Waliandika wangapi walikufa, wapi, baada ya saa ngapi, kwenye gari la namna gani. Yale matundu kwenye maboksi ya mwaka 2000 yalitoka kwenye karatasi za 1994. Na ule uamuzi wa kuhamisha ndege wasafi haungewezekana kama asingekuwepo mtu aliyejua, kabla ya meli kuzama, kuna viota vingapi Robben na vingapi Dassen. Huwezi kuagiza malori kwa ajili ya "wengi sana".

Haya nilikuja kuyaelewa kwa sababu ya ugomvi. Katikati ya Julai ilikuwa zamu ya hesabu ya baridi. Mwalimu alituma ujumbe kwamba hesabu iko palepale. Kwenye kikao chetu muuguzi alisimama, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akamwambia mbele ya watu: ndege wanakufa Salt River, nawe unataka tukahesabu mabata? Nilikuwa upande wake. Nilipiga makofi.

Mwalimu alimwacha amalize. Kisha akasema kwamba atakwenda peke yake kwenye bwawa la Rietvlei Jumapili, hamlazimishi mtu, ila mwaka huu kuliko mwaka wowote mtu atakuja kuuliza mafuta yamewagusa ndege gani wengine zaidi ya pengwini, na tukiacha pengo mwaka huu, pengo hilo halizibiki. Akaketi. Sijui kwa nini niliinua mkono. Labda ni uchovu, nilitamani asubuhi moja isiyo na harufu ya samaki. Tulikwenda wanne. Mvua ya manyunyu, upepo unakata masikio, tukahesabu minandi, shakwe, mabata, mmoja mmoja na kumi kumi, na kwenye kila mstari tukatia alama kama kuna aliyeonekana na mafuta. Karibu mistari yote tuliandika sifuri. Nilipoona zile sifuri zimepangana chini kwa chini nilifarijika kwa namna ambayo sikuitarajia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Juni kuona mahali ambapo madhara yameishia.

Jumatatu nikarudi zamu. Nilimshika pengwini mmoja mkubwa, mtulivu kupita wenzake, nikaona chini ya tope la mafuta pete ya chuma kwenye bawa lake la kushoto. Wengi hawakuwa na pete. Nikaisafisha kwa kidole gumba, nikasoma namba, nikampa karani. Jibu lilikuja siku ya pili: huyu alipakaa mafuta mwaka 1994, akaogeshwa, akavishwa pete, akaachiwa. Miaka sita alikuwa akiishi maisha yake, na sasa yuko mikononi mwangu kwa mara ya pili. Nilimpelekea Mwalimu habari ile nikidhani nampelekea kioja. Akanieleza kwamba bila ile pete kila mtu angeweza kudai kwamba kuogesha ndege ni kujifurahisha, watakufa tu mbele ya safari. Pete ndiyo iliyosema hawafi, wanarudi na kutaga. Baadaye watafiti walifuatilia pia wale wa Treasure na kukuta kwamba walitaga kweli, ingawa makinda waliowafikisha kujitegemea walikuwa pungufu kuliko wa wale wasioguswa na mafuta. Hilo nalo liliandikwa, japo halikuwa tamu kusikika.

Yule mwenye pete nilimwogesha mimi. Walipoanza kupona, ghala lilijaa sauti zao. Pengwini wa Afrika hulia kama punda, na mtu aliyekulia pwani yetu anaijua sauti ya punda. Kila nilipofumba macho nilijiona niko nyumbani, alasiri, watu wanashusha mawe ya matumbawe kwenye mkokoteni.

Ningependa niishie hapo, watu wakipiga makofi na pengwini wakikimbilia maji. Lakini mwaka 2024 pengwini huyo huyo alitangazwa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hatua ya mwisho kabla ya kubaki kwenye vizimba tu. Jozi zinazotaga leo hazifiki 10,000 duniani kote, na duniani kote maana yake ni Namibia na Afrika Kusini peke yake. Kilichowamaliza si meli. Ni njaa: sadini na anchovi wamekuwa haba, samaki wamehama, na wavuvi nao wanawahitaji samaki hao hao. Wale tuliowalisha kwa mkono waliendelea kuongezeka miaka michache tu, kisha wakaanza kupungua kimyakimya, bila redio kutangaza, bila mtu kuleta taulo. Njaa haina harufu ya kuwaita watu kutoka mjini. Aliyeiona ni yule aliyekuwa akihesabu viota kila mwaka. Mwaka 2025 mahakama Afrika Kusini iliidhinisha makubaliano ya kuzuia uvuvi wa samaki hao kandokando ya makoloni sita ya pengwini kwa miaka kumi, na mtu asiniambie kwamba wangefika mahakamani na machozi matupu bila karatasi za hesabu.

Nilirudi Tanga mwaka 2004. Mwalimu alikwishafariki, darubini yake nilirithishwa mimi, na nakiri nililia zaidi ya nilivyomlilia mtu yeyote asiye ndugu yangu.

Kwa miaka mingi nilitazama ndege peke yangu. Kisha zikaja habari za bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, mwisho wake Chongoleani, upande wa pili wa ghuba yetu, ambako meli zitapakia. Mafuta ya Uganda huganda yakipoa, ndiyo maana bomba lenyewe linapashwa joto njia nzima. Sikuandika haya ili kubishana na bomba. Tanga inahitaji kazi, nami nina wapwa wanaozitafuta. Lakini nilijiuliza swali la Mwalimu, na sikuwa na jibu: kwenye ghuba hii, Januari, maji yakipwa, kuna ndege wangapi? Nina shangazi Changamwe, Mombasa. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitobolewa kule na tani kama 5,000 zikaingia hori la Makupa. Shangazi anakumbuka harufu, anakumbuka mikoko iliyokauka ikabaki mifupa. Nilipomuuliza ndege, akasema, "Walikuwepo wengi, mwanangu." Basi.

Tukaanza watu saba: walimu wawili, mwanafunzi wa uvuvi, mama muuza dagaa, wavuvi wawili, na mimi. Mwanzo haukuwa rahisi. Kijiji kimoja walituzuia kabisa. Mzee mmoja akatuuliza, "Mnahesabu ndege, halafu mseme pwani ni yao, sisi tutolewe?" Alikuwa na haki ya kuuliza, watu wamekwishapoteza mahali pa kuvulia kwa sababu za namna hiyo. Tulikaa naye barazani, kahawa ya kwanza na ya pili, nikamwonyesha daftari, nikamwambia lina safu ya ndege na lina safu ya ngalawa na nyavu, na nakala yake itabaki kijijini. Mwezi uliofuata akaja mwenyewe na kutuonyesha kosa letu. Tulikuwa tukihesabu maji yakiwa yamepwa, ndege wametawanyika matopeni hadi macho yanachoka. "Ngojeni yajae," alisema. "Siku za bamvua wote wanabanana pale kwenye fungu la mchanga, hawana pengine pa kukanyaga." Miaka yangu yote ya darubini na sikuwahi kulijua fungu lile. Tangu siku hiyo tunahesabu pale. Wapo vitwitwi wa Siberia, wapo wale weupe kwa weusi wenye mdomo mnene wanaopasua kaa, wapo shakwe na korongo.

Karatasi yetu nimeichora mwenyewe. Safu ya mwisho kulia imeandikwa "wenye mafuta". Januari iliyopita mwandishi wetu alikuwa kijana wa kidato cha pili kutoka Chongoleani, mjukuu wa yule mzee. Tulimaliza jua limeshapanda, maji yanaanza kurudi nyuma, ndege wanashuka mmoja mmoja kutoka kwenye fungu kufuata tope. Akanipa karatasi nitie sahihi. Safu ya mwisho alikuwa ameiacha wazi, juu hadi chini.

"Hakuna hata mmoja, mama," aliniambia, "ndiyo maana sijaandika."

Nikamrudishia kalamu. Aliinamia goti lake, akaanza mstari wa kwanza.